Masta silinda mpya kwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972: tathmini baada ya miezi minane

Kipuri ninachokitathmini ni masta silinda ya breki ya Datsun 240Z, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni pedali ikikanyagwa, iliyotengenezwa na kiwanda kisicho cha Nissan, yenye kipenyo cha ndani cha inchi 7/8, vyumba viwili vya kusukumia mafuta na vikopo viwili vya plastiki juu yake, kwa mpangilio uleule wa ile iliyotoka na gari kiwandani. Niliiagiza kutoka nje kwa njia ya mtandao, ikanifikia Nairobi baada ya wiki tano, na gharama yake pamoja na usafiri na ushuru ilikuwa karibu mara sita ya bei ya paketi ya raba za kukarabatia ile ya zamani. Sitaji chapa wala muuzaji, kwa kuwa mengi niliyojifunza katika miezi minane ya kuitumia yanahusu namna ya kuifunga na kuipima kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Niseme mapema kwamba ni kipuri kizuri na ningekinunua tena. Lakini wiki mbili za mwanzo nilikilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake, nikakaribia kukirudisha, na ni kwa ajili ya wiki hizo mbili ninaandika kwa urefu.

Gari lenyewe ni la mwaka 1972, la usukani wa kulia, lenye injini ya L24 ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili za Hitachi. Hapa kwetu halihitaji utambulisho mrefu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa ndani ya 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Baba yangu alikuwa mmoja wa watu waliosimama kando ya barabara ya vumbi kuyatazama yakipita, na hamu yangu ya kuwa nalo ilianzia kwenye masimulizi yake. Lina uzito wa takribani tani moja. Mbele lina diski zenye kalipa (vile vibano vinavyoishika diski) za pistoni mbili, nyuma lina dramu za alumini zilizovikwa chuma cha kalibu kwa ndani, na breki zote husaidiwa na sevo, yaani lile kopo kubwa jeusi linalokaa kati ya pedali na masta na kuongeza nguvu ya mguu. Breki hizo zikiwa katika hali yake ya asili zinatosha kabisa kulisimamisha gari hili, na yeyote anayedai kwamba breki za 240Z ni dhaifu kwa kuzaliwa, kwa maoni yangu, hajawahi kuendesha moja ambayo kila kiungo chake kinafanya kazi.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa pedali kuzama. Nikiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way, mguu ukiwa umeikalia pedali kwa uzito mdogo tu, pedali ilishuka polepole kama mtu anayeketi kwenye kiti chenye godoro, hadi ikagusa sakafu. Nikiikanyaga kwa nguvu ilishika na kubaki juu. Mafuta ya breki hayakupungua kwenye vikopo, wala hapakuwa na unyevu kwenye magurudumu au ndani ya gari chini ya pedali. Dalili hiyo ina maana moja karibu kila mara: mafuta yanapita ndani kwa ndani, yakivuka mdomo wa raba ya masta na kurudi kwenye kikopo badala ya kwenda kwenye magurudumu. Mguu ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo lenyewe huusukuma mdomo wa raba ukabana ukuta wa silinda. Mguu ukiwa mwepesi, raba iliyochakaa haibani, na mafuta hupata njia. Ndiyo maana tatizo hili hujionyesha kwenye foleni na kwenye taa za barabarani mapema kuliko kwenye mwendo wa kasi, na ndiyo maana watu wengi hulipuuza, wakijiambia kwamba gari likikimbia breki zinashika vizuri.

Kabla ya kununua masta mpya nilijaribu njia ya bei nafuu. Nilinunua paketi ya raba Kirinyaga Road, fundi wa gereji niliyoizoea akaifungua masta ya zamani, akaisugua ndani kwa msasa laini na kuzifunga raba. Breki zilirudi kwa wiki tatu, kisha pedali ikaanza kuzama tena. Tulipoifungua mara ya pili tuliona kilichotokea: ukuta wa silinda ulikuwa na vishimo vya kutu upande wa mbele, mahali ambapo pistoni haifiki katika matumizi ya kawaida, na wakati wa kutoa upepo, yaani kuondoa hewa kwenye mafuta ya breki, fundi alikuwa ameikanyaga pedali hadi sakafuni mara nyingi, hivyo raba mpya zikapelekwa kwenye eneo hilo lenye kutu na kukwaruzwa. Simlaumu sana, kwa kuwa hivyo ndivyo karibu kila gereji inavyofanya. Hata hivyo namwomba kila mwenye gari la umri huu aweke kipande cha ubao chini ya pedali wakati wa kutoa upepo, ili pedali isiweze kushuka hadi mwisho. Silinda yenye vishimo haiponyeki kwa msasa; ama ivalishwe ukuta mpya wa shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu na fundi wa mashine anayejua kazi hiyo, ama ibadilishwe. Niliamua kuibadilisha.

Sasa nikifikie kipuri. Kilipofika nilikikagua mezani kabla ya kukipeleka gereji. Ukuta wa ndani ulikuwa laini kama kioo, bila mstari wala doa. Pistoni zilirudi zenyewe kwa haraka nilipozisukuma kwa kijiti na kuziachia. Matundu ya mabomba yalikuwa na uzi wa milimita 10 wenye hatua ya milimita 1, ule ule wa magari ya Kijapani ya zama hizo, na nati za mabomba yangu ya zamani ziliingia kwa vidole hadi mwisho, jambo ambalo si la kupuuzwa, kwa maana nati inayolazimishwa kwa spana kwenye uzi usio wake huharibu bomba na masta kwa pamoja. Matundu mawili ya boliti za kufungia yalikaa sawasawa kwenye sevo. Kwa ubora wa chuma na ukamilifu wa vipimo sina lalamiko.

Malalamiko yangu ni kuhusu yale yanayoizunguka. Kifuniko cha kikopo kimoja hakikukaza, kikawa kinajifungua kwa mtikisiko wa barabara, na ilinibidi nitumie vifuniko vya masta ya zamani. Vibanio vinavyoshika vikopo vilikuwa vya bati jembamba, navyo nilivibadilisha. Gasketi ya katikati ya masta na sevo haikuwamo. Kubwa kuliko yote, boksi halikuwa na karatasi yoyote ya maelezo: hakuna neno juu ya kutoa upepo mezani kabla ya kuifunga, hakuna neno juu ya kupima ufito unaotoka kwenye sevo na kuisukuma pistoni ya masta, hakuna onyo lolote juu ya kile kinachoweza kudondoka ndani ya sevo masta ikitolewa. Kwa kipuri kinachobeba maisha ya watu, ukimya huo ni upungufu wa kweli, na ndio ulionigharimu wiki mbili.

Kutoa upepo mezani ni kazi ya nusu saa ambayo haifai kurukwa. Masta hufungwa kwenye jiliwa kwa kushikwa masikio yake, vikopo hujazwa, vipande vya bomba la plastiki huchomekwa kwenye matundu ya kutolea na kukunjwa kurudi ndani ya vikopo hadi vizame kwenye mafuta, kisha pistoni husukumwa taratibu kwa kijiti butu mpaka mapovu yaishe. Masta mpya imejaa hewa, na hewa hiyo ikiachwa ikaingia kwenye mabomba hutoka kwa shida, hasa kwenye chumba cha mbele. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe kwenye baraza ya nyumbani. Tulipoifunga gereji na kutoa upepo kwenye magurudumu yote manne, nilitarajia pedali ya juu na ngumu.

Nilichopata ni pedali iliyoshuka zaidi ya theluthi moja ya njia yake pasipo kitu chochote kutokea, kisha breki zikashika ghafla na kwa ukali, kiasi kwamba magurudumu ya mbele yalitaka kufunga kwa mguso mdogo. Nilipoipiga pedali mara mbili haraka ilipanda kidogo, lakini ule ukali wa ghafla haukuondoka. Tulitoa upepo tena. Tukatoa mara ya tatu. Tulimaliza chupa mbili za mafuta ya breki, na hali ilibaki vilevile. Fundi akasema masta mpya ni mbovu kutoka kiwandani, nami nikamwamini, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebadilishwa. Niliandika barua ya kudai kurudishiwa fedha, ingawa sikuituma.

Kilichonizuia ni mzee mmoja mwenye karakana ndogo Industrial Area, ambaye kazi yake kwa miaka mingi imekuwa breki na klachi peke yake. Nilimwendea nikiwa na masta ya zamani mkononi, nikamwambia, «Mzee, hii mpya waliyonitumia haifai, nataka unifufulie ile ya zamani.» Hakuichukua. Aliingia ndani ya gari, akaikanyaga pedali mara tatu kwa mwendo tofauti, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, «Mwanangu, hiyo masta hujaihoji bado. Kwanza tuizibe matundu yake, ndipo tujue kama ni yenyewe.»

Jaribio hilo ni rahisi, na ninasikitika kwamba gereji nyingi hazilifanyi. Mabomba yalifunguliwa kwenye masta, na mahali pake zikafungwa boliti za shaba zenye uzi uleule, zilizochongwa ncha ya kuziba tundu. Masta ikabaki na mafuta ndani yake pasipo njia ya kutokea. Ikiwa pedali itakuwa ngumu kama jiwe na itabaki juu chini ya mguu, basi masta ni nzima na kasoro iko kwingine. Ikiwa itazama au kubonyea kama sifongo, masta ina upepo au raba zake zinapitisha. Pedali yangu ilishuka kama sentimita tatu bila uzito wowote, kisha ikawa jiwe, na ilibaki pale pale kwa dakika nzima ya kukanyagwa. Mzee akasema masta haina kosa hata kidogo, na zile sentimita tatu za mwanzo hazihusiani na mafuta. Ni nafasi tupu kati ya chuma na chuma. Barua yangu ya madai iliishia hapo.

Baada ya hapo alirudisha mabomba, akatoa upepo, na kuzibana hosi za magurudumu moja baada ya nyingine kwa vibanio vyenye midomo ya mpira visivyoumiza hosi. Hosi za mbele zilipobanwa, pedali haikubadilika. Hosi za nyuma zilipobanwa, pedali ilipanda waziwazi. Maana yake ni kwamba magurudumu ya nyuma yalikuwa yanakula mafuta mengi kuliko stahili yake, ama kwa upepo ama kwa sababu breki shuu, vile vipande vinavyoisugua dramu kwa ndani, zilikuwa mbali na dramu. Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja, moja nyuma na moja karibu na pedali, na ndiyo sababu kila tulichojaribu awali kilileta nafuu kidogo kisha kikatuacha njiani.

Kosa la nyuma lilikuwa la kawaida kwa gari hili. Silinda ya gurudumu la nyuma kwenye 240Z haikufungwa imara kwenye bati lake; imewekwa iteleze ndani ya mwanya, ili pistoni yake moja iweze kuzisukuma breki shuu zote mbili, moja kwa pistoni na nyingine kwa mwili wa silinda yenyewe. Vumbi, kutu na miaka vikiushika mwanya huo, silinda haitelezi tena, shuu moja hufanya kazi na nyingine hukaa tu, na kifaa kinachojirekebisha chenyewe kwa kuvuta hendibreki hakipati nafasi ya kusogea. Ya upande wa kushoto ilikuwa imeganda kabisa. Mzee aliitoa, akausafisha mwanya kwa brashi ya waya, akaupaka grisi kavu ya joto kali kwa kiasi kidogo sana, akairudisha na kuirekebisha mpaka gurudumu lilipozunguka kwa mkono likigusa kwa mbali. Pedali ilipanda karibu nusu ya kile kilichokuwa kimepotea.

Kosa la pili ndilo ninalotaka kila mnunuzi wa masta hii alijue kabla hajashika spana. Ndani ya sevo, kwenye kitako cha ule ufito unaosukuma pistoni ya masta, hukaa kisahani cha mpira chenye ukubwa wa sarafu. Kazi yake ni kuupokea msukumo wa mguu na msukumo wa sevo kwa pamoja, na kwa kubonyea kwake kuurudishia mguu hisia ya kiasi gani breki zinashika. Masta ikitolewa, na mtu akiuvuta ule ufito kuja mbele, hata kwa bahati mbaya au kwa ajili ya kuufuta tu, kisahani hicho kinaweza kubanduka na kudondoka ndani ya kopo la sevo, pasipo sauti na pasipo dalili. Ufito ukirudishwa bila kisahani, nafasi ya unene wake hubaki tupu, na pedali hushuka bure kwa kiasi hicho kikiwa kimezidishwa na wenzo wa pedali. Na mara chuma kinapogusa chuma, sevo hutoa nguvu yake yote kwa mkupuo badala ya kidogo kidogo. Pedali ya chini na breki kali za ghafla kwa pamoja ndiyo alama yake, na ni alama iliyo dhahiri mno kwa anayeijua.

Mzee aliifungua masta kwa boliti mbili, akaichomoa mbele bila kuyafungua mabomba, kwa kuwa yana mnyumbuko wa kutosha, akautoa ufito, na kwa waya uliokunjwa ncha akakipata kisahani kikiwa kimelala chini ya kopo. Kilikuwa kizima. Alikisafisha, akakibandika kwenye kitako cha ufito kwa tone dogo la silikoni, akaurudisha wote pamoja moja kwa moja bila kuuzungusha. Kisha akapima urefu wa ncha ya ufito kutoka uso wa sevo, akapima pia kina cha tundu la pistoni kutoka uso wa masta mpya, akalinganisha na masta ya zamani. Masta mpya ilikuwa na kina kikubwa kidogo, tofauti isiyozidi milimita moja, akaurefusha ufito kwa skrubu ya ncha yake kwa kiasi hicho, akiacha upenyo mwembamba sana.

Upenyo huo una umuhimu wake. Ufito ukiwa mfupi, pedali hushuka bure. Ukiwa mrefu, hatari ni kubwa zaidi: pistoni hairudi hadi mwisho, kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo hubaki kimezibwa, mafuta yakipata joto hutanuka pasipo pa kwenda, na breki huanza kujikaza zenyewe huku gari likitembea, mpaka diski zinuke. Nimewahi kusikia dereva akiisifu pedali yake kwa kuwa ngumu na ya juu asubuhi, na jioni gari lake likaletwa kwa kuvutwa kwa sababu magurudumu ya mbele yalikataa kuzunguka. Anayerekebisha ufito na aendeshe kilomita kumi, asimame, ainue gurudumu la mbele kwa jeki na kulizungusha kwa mkono kabla hajasema kazi imekwisha.

Tulipomaliza, pedali ilisimama juu, ikashika ndani ya sentimita chache za kwanza, na ukali ukawa unaongezeka kwa kadiri ya mguu. Ilikuwa masta ileile niliyokuwa nimeiandikia barua.

Jambo moja linahusu sisi tunaoishi bara juu. Sevo hufanya kazi kwa tofauti iliyopo kati ya hewa ya nje na mvuto wa injini, na shinikizo la hewa hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Gari lilelile, kwa masta ileile, litahitaji mguu mzito zaidi Nairobi, na mzito zaidi tena Limuru, na hilo si kosa la kipuri chochote. Kupima kama sevo yako ni nzima hakuhitaji kifaa: zima injini, ikanyage pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu, ishikilie chini kwa mguu, kisha washa injini, pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, sevo inafanya kazi. Isiposhuka, kagua kwanza hosi ya mvuto na vali yake ya njia moja, kwa kuwa hizo hufa mapema kuliko sevo yenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na ushauri wanaopewa wengi wa kuiacha masta ya inchi 7/8 na kufunga ya inchi 15/16 iliyotoka kwenye 280ZX ya miaka ya 1979 hadi 1981. Hesabu yake ni nyepesi: eneo la pistoni hiyo kubwa ni asilimia 15 zaidi, hivyo pedali hushuka karibu asilimia 87 ya njia ya awali, lakini mguu hudai nguvu zaidi kwa asilimia 15 ili kupata shinikizo lilelile. Kwa aliyebadilisha kalipa za mbele na kuweka kubwa zenye pistoni nne, masta hiyo ina maana, kwa kuwa kalipa hizo hunywa mafuta mengi. Kwa mwenye breki za asili anayeishi kwenye hewa nyepesi ya Nairobi, huo ni uzito wa bure, na mara nyingi watu huifunga ili kuficha pedali ya chini inayotokana na breki shuu zisizorekebishwa, na hivyo kosa la nyuma huendelea kuishi chini ya pedali ngumu inayodanganya.

Miezi minane baadaye masta iko vizuri. Nimeshuka nayo mteremko wa Mai Mahiu mara nne, mojawapo ikiwa nyuma ya malori kwa muda mrefu, gia ya tatu ikifanya sehemu kubwa ya kazi na breki zikisaidia, na pedali haikubadilika kimo kutoka juu hadi chini. Nimekwenda nayo Mombasa na kurudi. Hakuna unyevu nyuma yake mahali inapokutana na sevo, sehemu ambayo masta inayovuja hujificha, kwa kuwa mafuta huingia ndani ya sevo na kutafuna rangi bila kuonekana sakafuni. Niliangalia hapo kwa kioo na tochi kila mwezi. Kwenye foleni pedali haizami hata kidogo, na hilo ndilo nililolipia.

Ninatumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za selisiasi, na yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Kwa anayeishi pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, nashauri yabadilishwe kila mwaka. Asichanganye na DOT 5 ya silikoni, na asiruhusu kamwe mtu kuongeza mafuta ya injini au ya usukani kwenye vikopo hivyo, hata kama ni kwa dharura ya njiani. Mafuta ya madini huvimbisha raba zote za mfumo, na baada ya hapo kila raba kutoka kwenye masta hadi kwenye gurudumu la mwisho ni ya kutupwa.

Kwa alama, masta yenyewe naipa nne na nusu kati ya tano, na namna ilivyofungashwa naipa mbili. Nimemwandikia muuzaji nikimwomba aweke ndani ya boksi gasketi moja na karatasi moja yenye mambo matatu: kutoa upepo mezani, kupima ufito, na kutouvuta ufito kutoka kwenye sevo. Amenijibu kwa adabu kwamba atalifikisha kiwandani. Mpaka karatasi hiyo ipatikane, anayeinunua na amwambie fundi wake jambo hilo la tatu kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amesimama kando ya boneti kabla masta ya zamani haijatoka.